Uvimbe wa mgongo ‘usio saratani’: Jibu linalowarudisha wagonjwa nyumbani mapema

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KWA mgonjwa aliyesubiri kwa wiki kadhaa majibu ya kinyama kilichotolewa katika pingili ya mgongo wake, hakuna neno tamu kuliko “si saratani”. Ndugu humshukuru Mungu, na fedha zilizokuwa zikichangwa kwa safari ya Dar es Salaam huelekezwa kwenye ada za watoto. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Zipo aina za uvimbe wa mifupa ambazo kwa vigezo vya maabara si saratani, lakini tabia yake ni korofi. Mojawapo ni uvimbe wa chembe kubwa, unaowapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40. Nyingine ni osteoblastoma, na uvimbe wa vifuko vya damu unaowakumba zaidi walio chini ya miaka 20. Kwa kawaida hausambai mwilini, ingawa ule wa chembe kubwa mara chache hufika kwenye mapafu. Madhara yake makubwa huwa pale pale ulipo: hula mfupa, huvunja pingili na kukandamiza mishipa ya fahamu. Daktari bingwa wa Marekani, William Enneking, aliugawa uvimbe usio saratani katika ngazi tatu: uliolala, unaokua na ulio mkali. Ni ngazi hiyo ya tatu tunayoizungumzia.

Tuchukue mfano wa kijana wa bodaboda katika Kata ya Nkuhungu, jijini Dodoma. Mgongo ukimuuma, yeye na jirani zake watalaumu pikipiki na barabara za vumbi. Zahanati itampa dawa za kutuliza maumivu, na mara nyingi hiyo ndiyo tiba sahihi, kwani maumivu mengi ya mgongo hayana uvimbe wowote. Lakini maumivu yanayozidi usiku, yasiyopungua hata akipumzika, yanahitaji picha.

Picha nayo ina mtego wake. Katika nchi yetu, pingili iliyobonyea humkumbusha daktari Kifua Kikuu cha mgongo, ugonjwa ulioelezwa na Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779 na ambao bado huacha watu na vibiongo. Tahadhari hiyo ni ya haki. Hata hivyo, Kifua Kikuu aghalabu hula pingili mbili zinazopakana pamoja na gegedu iliyo kati yake, wakati uvimbe mara nyingi huiacha gegedu ikiwa nzima. Mgonjwa akianzishiwa dawa za miezi mingi bila kuchukuliwa kinyama, na kumbe ana uvimbe, muda wote huo mfupa unaendelea kuliwa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo penye pengo: kati ya picha ya kwanza na kinyama. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyozinduliwa Oktoba 2015 jijini hapa, ina kipimo cha MRI. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, hupasua mgongo. Na tangu Julai 2024 treni ya SGR imeifupisha safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam kuwa ya saa chache.

Tiba kuu ni upasuaji, na namna unavyofanyika ndiyo huamua hatima. Kuutoa uvimbe mzima bila kuuvunja hupunguza sana uwezekano wa kurudi, lakini ni kazi ndefu, yenye damu nyingi, inayohitaji vyuma na skrubu za kuushikilia mgongo. Kuukwangua ni rahisi zaidi, lakini masalia huweza kuota upya, na upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza. Ndiyo maana mishipa inayoulisha uvimbe huweza kuzibwa kwanza, ili damu isimwagike mno.

Kwa uvimbe wa chembe kubwa ipo pia sindano ya denosumabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2013. Hutolewa miligramu 120 kila baada ya wiki nne, na dozi mbili za ziada katika mwezi wa kwanza. Huugandisha uvimbe, lakini haiuui. Ikisimamishwa, uvimbe huweza kuamka. Aidha, hushusha kalisi mwilini, huweza kudhuru mfupa wa taya na haifai kwa mjamzito. Mionzi hubaki kwa uvimbe usiopasulika, kwa kuwa kwa nadra huweza kuzaa saratani halisi miaka mingi baadaye.

Mwenye miguu inayolegea au mkojo uliofunga hana nafasi ya kupima hoja hizi. Huyo ni wa dharura, siku hiyo hiyo.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote hapa Dodoma Novemba 2023. Familia zetu huchangishana kwa ajili ya upasuaji, na hilo tunaliweza. Lakini uvimbe huu ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo, na hauonekani bila kupiga picha tena na tena. Kwa picha hizo za marudio, za mtu anayetembea na kuonekana amepona, sijawahi kuona kadi ya mchango ikipitishwa.