Mchungaji Alete Ngozi

Babu yangu wa Mvumi hakupata kuingia ndani ya benki maisha yake yote, lakini akiba alikuwa nayo, na akiba hiyo aliiweka kwa watu. Ng'ombe wake hawakulala zizi moja. Wawili watatu walikuwa kwa rafiki yake wa Handali, wengine kwa shemeji yake ng'ambo ya korongo, kwa kuwa katika nchi hii yetu ya mvua moja kwa mwaka mtu mwenye akili haweki mali yake yote mahali ambapo ukame au maradhi yanaweza kuifagia kwa siku moja. Aliyewachunga alikunywa maziwa, na hayo yalikuwa malipo yake. Ng'ombe akifa, mchungaji hakuja na maneno matupu. Alikuja na ngozi. Babu aliikunjua uani, akaitazama rangi, akatafuta alama aliyoijua, na ndipo walipokaa chini kuzungumza. Sikupata kusikia hata mara moja mchungaji akimwambia babu, "Mzee, ng'ombe wako hayupo, sijui alikokwenda, na tena nakudai."

Mimi nimeambiwa maneno hayo. Nimeambiwa katika ofisi yenye kipoza hewa, hapa Dodoma mjini, na kijana niliyeweza kumfundisha darasa la nne.

Niliacha kazi ya ualimu kwa umri, na kiinua mgongo nilichopata nilikigawa kama wengi wanavyokigawa: bati, ada, deni la arusi, na kilichobaki nikapanda zabibu ekari moja na nusu huko Hombolo. Pensheni inapita katika akaunti ya benki ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa ugomvi wangu nayo haujaisha na sitaki mtu aseme nimeandika kitabu ili kumchafua mtu. Mwezi Juni 2022 niliomba mkopo wa shilingi milioni tatu katika chama chetu cha akiba na mikopo, ninunue pampu. Mhasibu wa chama, mtu mpole, aliniita pembeni. Akaniambia jina langu limetokea katika kumbukumbu za wakopaji kuwa ni mtu asiyelipa. Nilicheka. Nilidhani ni mwenzangu tunayeshirikiana majina, maana Ugogoni tunashirikiana majina sana. Akanionyesha namba ya kitambulisho changu cha taifa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi, kama nilivyokuja kukiokoteza kipande kwa kipande. Novemba 2021 laini yangu ya simu ilikufa siku mbili. Nilikuwa shamba, nikadhani ni mtandao, nikaendelea kufunga mizabibu yangu. Niliporudi mjini nilikwenda kuirudisha laini, nikapewa nyingine, nikashukuru. Katika siku hizo mbili kulikuwa na mtu anayetembea na namba yangu mahali fulani. Kwa namba hiyo alibadilisha namba ya siri ya huduma ya benki ya simu, akatoa shilingi 1,260,000 zilizokuwamo, na alipoona chungu kimekwisha akakwangua hata ukoko: akaomba kwa jina langu mkopo wa papo kwa papo wa shilingi 450,000, akapewa, akautoa kwa wakala. Mimi, mtu wa kuchungulia akaunti mara moja kwa miezi mitatu, nilipoona pesa zimepungua nilikwenda benki kulalamika juu ya zile zilizotoka. Mkopo hakuna aliyenitajia. Nilipewa fomu, nikajaza, nikaenda polisi nikapewa RB, nikarudisha nakala, nikaambiwa nisubiri. Nilikuwa bado nasubiri nilipoitwa pembeni na mhasibu.

Basi nikaenda kwa meneja. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Adabu hakukosa, na hilo nalisema kwa haki. Akafungua kompyuta yake, akaitazama, akanigeuzia uso. Muamala ulifanyika kwa namba ya siri sahihi, alisema, na namba ya siri ni mali ya mteja. Kwa hiyo ama niliufanya mwenyewe, ama nilimpa mtu namba yangu, na kwa vyovyote deni ni langu. Wakati huo lilikuwa limezaa riba na faini, likapita laki saba.

Hoja hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga, kwa sababu wengi wetu tukiisikia tunainamisha kichwa. Ina sura ya hesabu: namba ni yako, namba imetumika, wewe ndiwe uliyetumia. Hebu iangalie vizuri, msomaji. Kinachothibitishwa na kompyuta ile ni kwamba namba fulani ilibonyezwa. Nani aliibonyeza, kompyuta haijui. Aliyeruka kutoka kwenye kidole mpaka kwenye jina langu ni meneja, na ameruka bila daraja.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka benki ilivyokuwa. Kuanzia Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa, na kwa miaka mingi mtu wa kawaida hakuwa na benki nyingine ya biashara ila ile moja ya taifa. Foleni ilianza alfajiri. Ulikwenda na kitabu chako, ukatia sahihi, na karani akaichukua sahihi hiyo akailinganisha na ile ya kwenye kadi, akakutazama juu ya miwani kama mwizi. Tulichukia sana. Lakini katika usumbufu ule kulikuwa na jambo la haki ambalo hatukulithamini: kazi ya kunitambua ilikuwa ya benki. Sheria ya hundi ya Kiingereza ya mwaka 1882, ambayo nchi hizi zilizotawaliwa na Mwingereza zilirithi misingi yake, inasema sahihi ya kughushi si sahihi kabisa, haina nguvu yoyote. Benki ikilipa hundi niliyoghushiwa, imelipa pesa yake, haikulipa yangu. Hakuna aliyekuwa akimwambia mteja, "Lakini jina lililoandikwa ni lako!"

Kisha tukaondoka kwenye sahihi tukaingia kwenye namba ya siri, na katika kuhama huko mzigo ulihamishwa kimyakimya kutoka bega la benki hadi bega letu. Hakuna Bunge lililokaa hapa Dodoma likajadili kama iwe hivyo. Uliwekwa katika masharti ya huduma, kurasa na kurasa za maandishi madogo, ambayo mstaafu anayakubali kwa kubonyeza moja. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967, kifungu cha 110, inamtaka anayedai haki kwa kutegemea jambo fulani alithibitishe yeye jambo hilo. Anayedai hapa ni benki. Benki ndiyo isemayo kwamba mimi nilikopa. Basi na ithibitishe.

Tena ushahidi upo, hilo ndilo linaloniuma. Nchi nzima tulipangwa foleni kusajili laini kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tuliambiwa ni kwa ajili ya kuwakomesha matapeli. Vema. Basi aliyeifufua laini yangu Novemba ile aliifufuaje, kwa kidole cha nani, mbele ya wakala gani? Pesa zilitolewa kwa wakala mwenye namba, mahali panapojulikana, saa inayojulikana. Simu iliyotumika ina namba yake ya kuzaliwa nayo, na si simu yangu. Niliyaandika maswali hayo manne katika barua, nikayapeleka benki. Jibu lilisema mambo ya laini yaulizwe kampuni ya simu. Kampuni ya simu ikasema mambo ya fedha yaulizwe benki. Nimekuwa mpira wa matambara, kila mmoja ananipiga teke kumwelekezea mwenzake, na wote wawili ndio waliokula ada za muamala ule.

Najua watakavyonijibu, na jibu lao si la kipumbavu. Wapo watu wanaokopa kweli, wakala pesa, kisha wakalia kuwa wameibiwa. Wapo wanaompa mjukuu namba ya siri ili awanunulie muda wa maongezi. Wapo waliokuwa wakitumiwa ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwa namba hii", wakatuma kweli. Benki ikimsamehe kila aliaye, itafungwa, na pesa zitakazopotea ni za wawekaji wengine, mimi nikiwamo. Nakubali. Siombi kusamehewa, wala sikubali neno hilo litumike juu yangu. Naomba kuchunguzwa. Mtu anayeomba kuchunguzwa na asichunguzwe, akaitwa mdaiwa, huyo amehukumiwa kabla ya kesi.

Na tazama jinsi lugha inavyobadilika kwa kufuata ukubwa wa aliyeibiwa. Kati ya 2005 na 2006 Benki Kuu yenyewe ililipa shilingi bilioni 133 kutoka akaunti ya madeni ya nje, ile ya EPA, kwa makampuni 22, na ukaguzi uliotangazwa Januari 2008 ukaonyesha nyaraka za kughushi na malipo yasiyostahili. Rais alitengua uteuzi wa Gavana, kikaundwa kikosi cha uchunguzi, watu wakapelekwa mahakamani, na waliochukua wakatakiwa warudishe. Hivyo ndivyo ilivyopasa. Palipotumika karatasi za uongo kuchota fedha za mkubwa, jambo liliitwa kwa jina lake, yaani wizi, na macho ya watu yakaelekezwa kwa aliyechukua. Zikichotwa za mstaafu wa Hombolo, macho yanaelekezwa kwa mstaafu.

Wala si sisi peke yetu tuliopumbazwa na kompyuta. Uingereza, Shirika la Posta liliwafungia mawakala wake mtambo wa hesabu uitwao Horizon. Mtambo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, wengine wakafungwa, wengine wakauza nyumba ili kulipa fedha ambazo hazikupotea, wapo waliojiua. Kila mmoja alipolalamika aliambiwa mtambo hauna kosa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu huko ilikubali kwamba mtambo ulikuwa na kasoro, na Mei 2024 Bunge lao likapitisha sheria ya kufuta hatia zile kwa mkupuo. Hao walikuwa watu wa nchi yenye mawakili kila kona, na iliwachukua miaka ishirini. Wamarekani nao, tangu sheria yao ya mwaka 1978 kuhusu uhamishaji wa fedha kwa mitambo, wameliweka jambo hili wazi: mteja akisema muamala haukuwa wake, ni juu ya benki kuthibitisha kwamba aliuidhinisha. Wakenya walishtuka Aprili 2020, wakazuia watu kuorodheshwa kuwa wadaiwa sugu kwa madeni yasiyofika shilingi elfu moja za kwao, na wakawaondoa wakopeshaji wa simu wasio na leseni katika kupeleka majina ya watu huko.

Sisi tunazo kanuni, sisemi hatunazo. Kanuni za taarifa za wakopaji ni za 2012, na mtu ana haki ya kuiona taarifa yake na kuipinga. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha ni za 2019, na asiyeridhika na jibu la benki yake anaweza kupeleka malalamiko Benki Kuu. Lakini ni wangapi wanaojua? Na anayejua, anaanza na nini, ikiwa benki haimpi jibu la maandishi la kwenda kulilalamikia? Barua yangu ya kwanza kujibiwa kwa maandishi ilikuwa ya tano.

Mwaka jana benki iliniita. Nilipewa kiti na soda. Yule meneja alikwisha kuhamishwa. Aliyepo sasa ni binti, mwepesi wa kusikiliza. Akaniambia makao makuu yamekubali kufuta riba yote na faini zote. Nilipe ile 450,000 tu, kwa awamu nikitaka, na jina langu litasafishwa. Akaniwekea karatasi mbele. Juu yake palikuwa pameandikwa kwamba mimi mteja nakiri kudaiwa.

Nilikwenda nayo nyumbani. Mke wangu aliisoma mara mbili, akasema nilipe. Alisema pampu ingekwisha kujilipa misimu miwili iliyopita. Alisema zabibu za Agosti zilikuwa ndogo kama mbegu za ubuyu kwa kukosa maji. Alisema uzee wetu hautoshi kwa kesi. Yote ni kweli, na sikuwa na la kumjibu ila moja, kwamba nilipokuwa mwalimu mkuu niliwahi kumwadhibu mtoto aliyekiri kosa ambalo hakulifanya, kwa kuwa alikuwa amechoka kuulizwa. Nililigundua baadaye. Hilo hakuwa amepata kulisikia kwangu. Hakuniambia tena nilipe, wala hakuniambia nisilipe.

Karatasi ile niliirudisha bila sahihi, nikaambatanisha barua yenye maswali yangu yale yale manne: kidole cha nani, wakala gani, simu gani, saa ngapi. Safari hii nakala niliipeleka Benki Kuu. Karani wa mapokezi aligonga mhuri, nikamwomba agonge na nakala yangu, akagonga. Naihifadhi katika kopo la maziwa pamoja na nyingine zote. Maji ya mizabibu tunayabeba kwa madumu, mimi na kijana mmoja, asubuhi kabla jua halijawa kali.