Nani Kasema Kusema Hakusomewi?

Mwambie mzee wa Kizanzibari kwamba binti yake, aliyefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Bayolojia, anataka kwenda chuo kikuu kusomea tiba ya usemi. Atakusubiri umalizie, maana anaona bado hujasema kitu. Usemi wa nini? Utamweleza: watoto waliochelewa kuzungumza, watu wenye kigugumizi, wazee waliopigwa na kiharusi wakapotewa na maneno. Atacheka kwa upole, kisha atakuuliza swali ambalo utalikuta Vuga, Jang'ombe, Bububu mpaka Nungwi: "Sasa hiyo nayo ni ya miaka minne? Kwani mtoto si atasema tu, wakati wake ukifika?"

Swali hilo limebeba mambo mawili. La kwanza, kusema huja kwenyewe, na kusipokuja ndiyo kudura. La pili, hata kama msaada upo, anaweza kuutoa yeyote mwenye subira: mama, bibi, mwalimu wa chekechea. Kwa hiyo digrii ni mbwembwe, na anayeipigania anataka kumpotezea mtoto wa watu ujana wake. Nimeyasikia haya kwa watu wa kila namna, na wenye makoti meupe wamo. Yote mawili si kweli, na cha ajabu ni kwamba yanaaminiwa Unguja, mahali ambapo hayakustahili kupata hata pa kukaa.

Maana sisi hapa tunasomea kusema tangu utotoni. Pita Malindi au Mkunazini alasiri, watoto wakiwa chuoni, usikilize ustadh anavyomkatiza mtoto kwenye herufi moja. "Rudia. Ubavu wa ulimi, usilete ncha." Mtoto anarudia dhadi mara ya tano, ya sita, mpaka ulimi ukae panapotakiwa. Wanazuoni wa tajwidi wengi wanahesabu makhraji, yaani mahali herufi zinapotokea, kumi na saba, wamezipanga katika sehemu tano: uwazi wa kinywa na koo, koo lenyewe, ulimi, midomo na pua. Sibawayhi, Mfursi aliyesomea Basra, aliyaeleza matamkio ya herufi za Kiarabu katika karne ya 8, wakati Ulaya hakuna aliyeshughulika na jambo hilo kwa undani ule. Mzazi anayelipa ada ya chuo mwanawe asichanganye sini na swadi ndiye huyo huyo anayekwambia barazani kwamba kusema hakuna cha kusomea.

Hilo la "wakati wake ukifika" lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana limedumu. Wapo watoto wanaochelewa, kisha wakawafikia wenzao bila ya kuguswa na mtu. Kila ukoo una mjomba aliyesema akiwa na miaka minne na leo hanyamazi. Lakini mjomba huyo hatusaidii kumjua mtoto mwingine, ambaye ana miaka miwili na nusu, hajaunganisha maneno mawili, na ukimwita kwa nyuma hageuki. Huyo huenda hasikii. Asiyesikia hangojewi wakati, kwa sababu kila mwezi unaopita ubongo wake unakosa sauti katika umri ule ule unaozihitaji zaidi. Mwingine anasikia vizuri lakini ana usonji. Mwingine akili yake haina kasoro ila misuli ya ulimi na midomo haimtii. Kwa jirani wote watatu ni "mtoto mzito wa kusema". Kuwatenganisha ni kazi, na kazi hiyo ina somo lake.

Kwa kuwa wa kuwatenganisha ni wachache mno, watu wanafanya wanachokijua. Mtoto anasomewa, anapewa kombe la aya anywe. Sina ugomvi na kombe. Dua ya Nabii Musa ya kufunguliwa fundo la ulimi tunaisoma sote, na Musa mwenyewe hakuishia hapo. Aliomba pia apewe ndugu yake Harun, aliyemzidi ufasaha, awe msaidizi wake. Ugomvi wangu ni na wembe. Wako wanaokimbilia kukata ngozi ya chini ya ulimi kwa mtoto ambaye ulimi wake mzima, taabu iko sikioni. Damu inatoka, kidonda kinapona, mtoto yuko kimya vile vile, na mwaka umekwenda.

Tuwaache watoto kidogo. Mzee kapigwa na kiharusi, mkono wa kulia umelegea, na maneno yameondoka. Siku ya tatu wanawe wanakaa kitandani kumsomea, na ghafla mzee anafuata: Alhamdu yote, mwanzo mpaka mwisho, bila ya kukwama. Nyumba nzima inafurahi. Kisha anaulizwa, "Baba, unataka maji?" Anafungua kinywa, hakitoki kitu, au linatoka neno jingine kabisa. Hapo minong'ono inaanza. Amekuwa mkaidi. Amerukwa na akili. Kuna mtu kamfanyia. Hakuna hata moja katika hayo. Maneno tuliyoyahifadhi na kuyarudia maisha yote, sura, nyimbo, kuhesabu, hata matusi, yanaweza kusalimika pale sehemu ya ubongo inayotunga maneno mapya ilipojeruhiwa. Mwaka 1861 mjini Paris daktari Paul Broca alimwona mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka zaidi ya silabi "tan", na huku mengi ya anayoambiwa anayafahamu. Mgonjwa alipofariki, ubongo wake ukaonesha jeraha upande wa kushoto, mbele. Ni zaidi ya miaka mia moja na sitini sasa, na sisi bado tunamwita mzee mkaidi. Takriban theluthi moja ya wanaopata kiharusi hupatwa na shida hii ya lugha, na shinikizo la damu tunalijua lilivyojaa visiwani. Mtaalamu angeingia kwa mlango huo huo uliobaki wazi, kisomo na wimbo, akajaribu kumrejesha mzee kwenye "maji" na "chai". Bila yeye, mzee anaachwa na televisheni.

Kigugumizi nacho kina kesi yake ya uongo. Kijana anakwama kwenye jina lake mwenyewe, uso unajikaza, mguu unapiga chini. Wenzake wakisoma kwa pamoja, anasoma nao kama maji. Akiimba kasida, hakwami. Basi mwalimu anahukumu: anaweza huyu, anafanya makusudi! Kumbe kusoma kwa pamoja na kuimba hupunguza kigugumizi kwa wengi wenye nacho, na jambo hilo limo katika mafunzo ya mwanzo kabisa ya fani hii. Bakora haimo.

Ila kama ningepewa hoja moja tu ya kumpelekea yule mzee wa mwanzo, nisingezungumza usemi hata kidogo. Ningezungumza uji. Watu hawajui kwamba mtaalamu wa usemi ndiye pia mtaalamu wa kumeza, kwa sababu njia ya chakula na njia ya pumzi zinapishana kooni, na misuli ni ile ile. Mama amempakata mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Kichwa cha mtoto kimelala nyuma kwenye kiwiko chake, kinywa wazi, na kijiko cha uji mwepesi kinaingia. Mtoto anakohoa, machozi yanamtoka. Mama anampigapiga mgongo, anamfuta, anaendelea, maana asipokula atakufa. Uji umekwenda kifuani. Baada ya siku chache ni homa ya mapafu, halafu wodini, halafu nyumbani, halafu wodini tena, na hakuna anayeuliza kuhusu kijiko. Anayejua angemkalisha mtoto wima kadiri inavyowezekana, angemshikilia kichwa kisiangukie nyuma, angeufanya uji mzito kidogo, angetia nusu kijiko, kisha angetazama shingo mpaka aone amemeza. Kwa mtoto mwingine angesema uji uache kabisa, na sababu angekuwa nayo. Mama huyu ana mapenzi na subira kuliko mtaalamu yeyote. Hivyo viwili havimwoneshi kilichomo kooni.

Ndiyo maana ni digrii. Ndani yake mna maumbile ya kichwa na shingo, neva, usikivu, isimu, saikolojia ya mtoto, na juu ya yote saa nyingi za kukaa na wagonjwa chini ya macho ya mwalimu. Haiwezi kuwa semina ya siku tatu Tunguu, na chai na posho, kisha kila mwalimu akarudi skulini na kabrasha lake. Semina hizo zinasaidia pale tu ambapo yupo mtu wa kumpelekea mtoto baada ya kumtambua.

Na iwe digrii ya kwanza. Marekani wanadai shahada ya uzamili ndipo uruhusiwe kutibu. Wao wana watu na fedha za kusubiri. Uingereza na Afrika Kusini mtu anaingia kazini na digrii ya kwanza, na wagonjwa wao hawajalalamika. Makerere walianza digrii yao ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, ya mwanzo Afrika Mashariki, na walimu wengi wa kuanzia walikuwa wageni. Muhimbili, chuo kikuu cha afya, sasa nacho kina digrii inayounganisha usikivu na usemi. Ilikuwa lazima. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusikia mwaka 2017, na kifaa kile kinamletea mtoto sauti tu; kuigeuza sauti kuwa lugha ni mazoezi ya miaka.

"Basi si waende Dar?" Waende kusoma, naam. Kutibiwa, hapana. Tiba hii si operesheni ya siku moja, ni nusu saa leo na nusu saa wiki ijayo, kwa miezi. Mpandishe boti kila wiki mama wa Makunduchi na mtoto asiyeshika shingo, uone atakwenda mara ngapi. Wenye jamaa Maskati wanapata njia. Wa Makunduchi hana.

Tena kuna jambo ambalo mgeni hawezi kutufanyia. Vipimo vinavyosambaa duniani vingi vimetungwa kwa watoto wa Kiingereza. Kuvitafsiri hakutoshi, kwa sababu mtoto wa Kiswahili anapambana na ngeli na viambishi ambavyo Mwingereza hana. Kitabu cha Kamil Ud Deen cha mwaka 2005 kuhusu watoto wanavyojifunza Kiswahili kilitokana na watoto wanne wa Nairobi, na Kiswahili cha Nairobi sicho cha Mkunazini. Mtoto wa hapa akisema "zahabu" badala ya "dhahabu", ni kasoro ya ulimi, ni umri, au ndivyo wanavyosema kwao? Mtoto wa Tumbatu au wa Makunduchi akipimwa kwa lahaja ya mjini ataonekana mgonjwa na hali ni mzima. Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu tangu enzi za ukoloni. Kingekuwa pia msingi wa kumpima mtoto anayekisema. Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kina walimu wa isimu na kina skuli ya udaktari ndani ya chuo kimoja. Wachache wana bahati hiyo. Kuhusu kuanza na wageni, tumeshafanya: udaktari wenyewe ulianza kusomeshwa visiwani kwa msaada wa Wacuba kutoka Matanzas.

Imebaki ajira, na hapa wenye shaka wana haki. Kijana asiposomea kitu ambacho Serikali haina cheo chake, si mjinga. Lakini tazama mzunguko ulivyo: cheo hakiandikwi kwa sababu wataalamu hawapo, wataalamu hawapo kwa sababu cheo hakijaandikwa, na mzazi akiona hivyo anasema, "Sikukwambia?" Tumejenga hospitali za wilaya na ya mkoa pale Lumumba kwa fedha za Uviko-19, majengo ya kupendeza, vigae vinang'aa. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773. Nafasi moja ya tiba ya usemi kwa kila hospitali ya wilaya isingemfilisi mtu, na ingetosha kumshawishi binti wa Jang'ombe kwamba miaka yake minne ina pa kutua.

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar inaweza mwaka huu kutenga nafasi kumi za kusomea Muhimbili, kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi Unguja na Pemba. Wizara ya Afya inaweza kuandika cheo hicho kabla ya hao kumi kuhitimu. SUZA inaweza kuchagua wawili watatu bora miongoni mwao, ikawasomesha zaidi, wakarudi kuwa walimu wa darasa letu la kwanza. Na mzazi aliyefika mpaka hapa akiwa bado hajashawishika, amruhusu binti ajaze fomu. Udaktari auweke chaguo la pili.