Butura Tunaijua, Kibarua Hatumjui

Wataje kahawa mbele ya wasomi wa Bukoba, kuanzia Kahororo hadi Muleba, uone watakavyohutubia. Watakueleza butura, mkulima anavyouza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya njaa. Watakueleza malipo ya ushirika yanavyochelewa, na magunia yanavyovuka usiku kwenda Uganda. Yote kweli. Sasa uliza ni nani aliyepalilia kibanja hicho, akakata nyasi za kutandaza chini ya migomba, akachuma buni. Utajibiwa: "Mrundi wetu." Huitwa hivyo hata akiwa ametoka Ngara, Tanzania hii hii.

Sisi ambao ada zetu zilitoka kwenye kahawa tunapenda kujiita watoto wa wakulima. Ni watoto wa waajiri pia, ila neno hilo linatukera. Mwajiri, kwetu, ni mzungu wa mkonge kule Tanga na manamba wake walioletwa na SILABU. Huyu anayelala bandani nyuma ya nyumba ya bibi, ujira wake ukisubiri msimu uishe, eti ni "kijana anayetusaidia".

Mwaka 2013 serikali ilitangaza kima cha chini cha mshahara wa kilimo: shilingi 100,000 kwa mwezi. Septemba mwaka huohuo ikaanza Operesheni Kimbunga, Kagera, Kigoma na Geita, kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali. Maelfu waliondoka, wakiwemo waliokaa nchini miongo mingi. Kwa operesheni, askari na magari vilipatikana. Kwa ule mshahara, sijasikia gari lililofika kijijini kuuliza kibarua kalipwa ngapi. Na kama kuna mwajiri aliyekuwa akidaiwa ujira wa msimu mzima, basi Kimbunga kilimfutia deni.

Mtaniambia mwenye ekari moja hana laki ya kumlipa mtu kila mwezi. Wengi hawana, nakubali. Ndiyo maana butura ipo. Lakini amweleze kibarua hivyo kabla hajashika jembe, waandikiane, amlipe kila wiki kidogo walichokubaliana. Kumdhulumu kibarua kwa sababu nawe umedhulumiwa na mnunuzi ni butura ileile, imeshuka ngazi moja tu.

Chama cha msingi hupima kila kilo ya kahawa na kuandika jina la mwenye shamba. Kiandike na jina la aliyeichuma. Mkulima asipokee malipo ya mwisho kabla kibarua hajatia sahihi, au dole gumba, kwamba amelipwa.