Vijana wasifichwe kitabu cha utumwa

Je, yafaa kijana wa miaka 15 apewe kitabu kinachosimulia jinsi binadamu wa asili moja walivyowanunua na kuwauza binadamu wa asili nyingine? Swali hili laweza kuonekana kuwa ni la waalimu wa lugha peke yao. Kwa hakika ni la kila mzazi, kila mkutubi na kila mtumishi wa serikali mwenye madaraka ya kuamua kitabu gani kinunuliwe na kipi kiachwe. Na hakuna mahali linapochoma zaidi kuliko katika vijiji vya mwambao wa kaskazini, kutoka Pangani hadi Moa, ambako habari za utumwa si habari za watu wa mbali.

Kitabu kinachofaa kuchukuliwa kuwa mfano ni "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, kilichochapishwa London mwaka 1934. Mwandishi alikuwa wa kizazi cha watumwa walioachwa huru na kukaa Freretown, karibu na Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na misheni ya Kiingereza mwaka 1875. Kitabu kinaeleza jinsi watu walivyotekwa bara, walivyofungwa minyororo na kupakiwa majahazini, na jinsi manowari za Waingereza zilivyowaokoa baharini. Katika zama za ukoloni kilisomwa sana shuleni katika Afrika ya Mashariki. Ni miongoni mwa hadithi ndefu za kwanza za nathari zilizoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika, na kwa sababu hiyo peke yake kina mahali pake katika fasihi.

Lakini hebu kitabu hicho kiwekwe mikononi mwa kijana wa Moa. Moa ni kijiji cha pwani katika Wilaya ya Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya. Katika vijiji vya namna hii Wadigo na Wasegeju wamekaa pamoja na watu wenye asili ya Kiarabu na wajukuu wa watu walioletwa kutoka bara bila hiari yao. Darasani mjukuu wa bwana huweza kukaa dawati moja na mjukuu wa mtumwa. Na mara nyingi mtoto mmoja ni mjukuu wa wote wawili. Neno "mtumwa" bado ni tusi. Wazee wanajua mengi, lakini desturi ni kunyamaza. Funika kombe mwanaharamu apite.

Wanaopinga vijana kusoma vitabu vya namna hii wanazo hoja tatu, na zote zastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza, wanasema vitabu hivi vyaweza kuzusha chuki kati ya watu wanaoishi kwa amani. Ya pili, kwamba kijana wa miaka 15 bado ni mchanga. Ya tatu, kwamba kitabu hiki hasa kimejaa kasumba ya kikoloni, kwa kuwa kinamwonyesha Mwingereza kuwa ndiye mkombozi, na Mwarabu, pamoja na dini yake, kuwa ndiye chanzo cha kila uovu.

Hoja ya kwanza inasahau kwamba kunyamaza hakujawahi kuondoa dharau. Mtoto wa pwani husikia matusi ya asili na ukoo kabla hajajua kusoma. Asichopata ni maelezo: nani alimuuza nani, kwa faida ya nani, na mambo hayo yalikwishaje. Aliyeachiwa tusi bila ya maelezo ndiye anayeweza kuchochewa kwa urahisi na mfitini wa kwanza anayepita njiani.

Hoja ya pili nayo haina nguvu. Wengi wa watu waliotekwa na kuuzwa walikuwa watoto, tena wengine wadogo kuliko mwanafunzi wa kidato cha pili. Ikiwa umri huo ulitosha kubeba mzigo wenyewe, basi unatosha kusoma habari zake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Ni kweli kwamba kitabu kinawashukuru Waingereza kupita kiasi, na wahakiki wengi wamekilaumu kwa sababu hiyo. Lakini dawa ya kitabu chenye upungufu si kukifungia kabatini. Dawa yake ni mwalimu anayejua kilichoachwa nje ya kurasa zake.

Kilichoachwa nje ni kingi. Ni kweli kwamba tarehe 5 Juni, 1873, Seyyid Barghash wa Unguja, akiwa ametishiwa na manowari za Uingereza, alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Lakini biashara kukoma si utumwa kukoma. Unguja na Pemba hali ya kisheria ya utumwa iliondolewa mwaka 1897. Katika mwambao wa Kenya, mwaka 1907. Upande wa Tanganyika, Wajerumani walitawala hadi Vita Kuu ya Kwanza bila ya kuufuta utumwa. Walichofanya ni kutangaza kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuukomesha kabisa ilipitishwa chini ya Waingereza mwaka 1922.

Kijana wa Moa na azitazame tarehe hizo kwenye ramani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka unaoanzia pwani penye mlango wa mto Umba. Vanga ikawa upande mmoja, Moa upande wa pili, na watu wa ukoo mmoja wakagawanywa. Mtumwa wa Vanga akapata haki mbele ya sheria mwaka 1907. Mwenzake wa Moa akangoja hadi 1922. Tofauti hiyo ni miaka 15, umri ule ule wa kijana anayesemekana ni mchanga mno kuambiwa habari hizi. Kama wakoloni walikuja kwa ajili ya kuwakomboa watumwa, kwa nini mtumwa wa kusini ya mto alisahauliwa muda wote huo? Mwanafunzi atakayeuliza swali hilo ameisoma "Uhuru wa Watumwa" vizuri kuliko yule aliyekatazwa kuigusa.

Tena kitabu kinamwonyesha mtumwa kama mtu anayengoja kuokolewa. Historia inaonyesha vingine. Watumwa walitoroka. Huko Fuladoyo, bara ya Mombasa, kufikia miaka ya mwanzo ya 1880 watoro walikuwa wamekwisha kujijengea makazi yao wenyewe, bila ya manowari na bila ya kungoja mkataba.

Ni lazima kijana ajue pia kwamba udhalimu huu haukuwa wa asili moja tu. Baada ya kufariki kwa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, milima ya Usambara iliingia katika vita vya urithi, na Waafrika waliwateka Waafrika wenzao na kuwauza kwa bunduki na baruti. Wakati wa njaa, watu waliwekwa rehani na jamaa zao ili wengine wapate chakula. Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani tangu mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, anakumbukwa kwa haki kuwa mpinzani shujaa wa uvamizi. Naye huyo huyo alikuwa na shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Hata kitambaa cha marekani, kilichofanywa kama fedha katika biashara ya misafara, kilifumwa Marekani kwa pamba iliyolimwa na watumwa weusi wa huko kusini. Mnyororo ulikuwa mrefu, na mikono iliyoushika ilikuwa ya rangi zote. Anayelijua hili hawezi tena kumnyooshea kidole jirani yake kwa sababu ya pua au nywele zake. Kosa halirithiwi kwa damu. Linalorithiwa ni wajibu wa kujua.

Marekani nako wanabishana juu ya jambo hili hili. Riwaya ya Harper Lee, "To Kill a Mockingbird", iliyotoka mwaka 1960, ni habari ya mtu mweusi anayeshitakiwa kwa uongo na wakili mzungu anayemtetea. Mwaka 2017 shule za mji wa Biloxi, katika jimbo la Mississippi, ziliiondoa katika masomo ya darasa la nane kwa kuwa maneno yake yaliwaudhi baadhi ya watu. Wapo wengine wenye lawama ya maana zaidi: kwamba shujaa wa kitabu ni mzungu, na mtu mweusi aliyedhulumiwa hapewi nafasi ya kutosha ya kusema. Hiyo ni lawama ile ile inayomhusu Mbotela. Nayo, kama ilivyo kwa Mbotela, ni sababu ya kusoma kwa makini, wala si sababu ya kutosoma.

Taifa hili lina mfano mzuri wa usomaji wa namna hiyo. Mwalimu Nyerere alipotafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Myahudi mkopeshaji fedha, mchezo wenye dharau nyingi ndani yake kwa Wayahudi, hakuuficha. Aliuchapisha mwaka 1969 kwa jina la "Mabepari wa Venisi". Kwa neno hilo moja, mabepari, msomaji alielekezwa kutazama fedha na unyonyaji wa pande zote badala ya kutazama dini ya mtu mmoja. Na katika "Elimu ya Kujitegemea", mwaka 1967, alitaka shule ijenge akili ya kudadisi na uwezo wa kupima mambo ya wengine kabla ya kuyapokea au kuyakataa. Akili hiyo haijengwi kwa vitabu visivyo na ubishi.

Hapana budi, basi, kitabu hiki kisisomwe peke yake. Kisomwe pamoja na "Kusadikika" cha Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, ambamo Karama anasimama mahakamani na kujitetea kwa kinywa chake mwenyewe. Kisomwe pamoja na "Kasri ya Mwinyi Fuad" na "Kuli" vya Adam Shafi, ambamo wanyonge wa Unguja wanapigania haki yao wenyewe. Hivyo navyo vipimwe kwa mizani ile ile, maana hakuna mwandishi asiye na upande. Kwa kila kitabu mwanafunzi aulize: Nani anasimulia? Nani anashukuriwa? Nani hakupewa nafasi ya kusema? Kisha aende kwa wazee wa kijiji chake, aulize juu ya watumwa, na juu ya manamba wa mashamba ya mkonge waliokuja baada yao, watu walioitwa kwa nambari badala ya majina.

Kazi hii yataka mwalimu aliyejiandaa, mkutubi aliyenunua vitabu vyote na si kimoja, na ofisa wa elimu asiyetetemeka mzazi mmoja anapolalamika. Si kazi nyepesi. Lakini mficha uchi hazai. Kijana wa Moa ataisikia habari ya utumwa, apende asipende. Kinachobaki kuamuliwa ni kama ataisikia kwa mwalimu, kitabu kikiwa wazi mbele yake, au ataisikia kama tusi katika ugomvi wa barazani.