Mashine na Hatia Yake

Iko kauli ipendwayo sana na mafundi wa zama hizi, na wanafunzi wao huipokea kama tunu: kwamba mashine haina wema wala ubaya, bali wema na ubaya ni wa mtu aitumiaye. Kisu, wasema, hukata mkate na hukata koo, wala kisu hakilaumiwi. Nakusudia kuipinga kauli hiyo, na shahidi wangu simwiti kutoka mbali. Yuko Korogwe.

Shahidi huyo ni korona. Sisemi maradhi ya mwaka 2020. Nasema mtambo wa kuchakatia mkonge, ambao watu wa Ngombezi, Magunga na Hale waliujua kwa jina hilo zamani, kabla maradhi hayajazaliwa. Jani huingizwa kwa ubavu, magurudumu yenye mapanga butu yakaliponda, maji yakaosha nyama yake, zikatoka singa. Singa hizo ni kama sehemu 4 tu katika 100 za uzito wa jani. Zilizosalia ni taka. Na jani lililokwisha kukatwa halingoji: likichelewa hukauka, na singa zake hazitoki safi. Basi mtambo ulio ghali namna hii, wenye kinywa kipana namna hii, hauna budi kulishwa pasipo kukoma. Mkulima mwenye ekari tatu hawezi kuulisha, sembuse kuununua. Huhitaji shamba lisiloonekana mwisho, vijireli vya kuchukulia majani, kambi ya watu, na mnyapara wa kuhesabu mizigo, kila mzigo majani 30. Mambo haya hayakuletwa na roho mbaya ya bwana shamba peke yake. Yalikuwamo katika michoro ya mtambo kabla haujapakiwa melini.

Wazigua wa Handeni na Wasambaa, waliokuwa na makonde yao wenyewe, waliikwepa kazi ya kukata mkonge kadiri walivyoweza. Kwa hiyo watu walitafutwa mbali: Waha kutoka Kigoma, Wabena kutoka Njombe, Warundi kutoka kwao. Tangu 1944 ofisi ya wenye mashamba, iliyojulikana kwa jina la Silabu, iliwaandikisha na kuwasafirisha. Kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo wakaitwa manamba. Katika mwaka 1920, huko Ulaya, Karel Čapek alikuwa ametunga mchezo wa kuigiza uliozaa neno roboti, kutoka neno robota la lugha yake, ambalo maana yake ni shokoa. Wasomi wa leo hushindana kama roboti itapata siku moja kufanana na mtu. Kwetu mambo yalitangulia kinyume: mtu ndiye aliyefananizwa na roboti, akapoteza jina, akabakiwa na tarakimu na kipande.

Kama kauli ya kisu ni kweli, yangetosha kubadili mwenye kukishika. Tumekwisha kujaribu. Mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitwaliwa na taifa. Bwana aliondoka, korona haikuondoka. Asubuhi iliyofuata ilikuwa na njaa ile ile, na mkataji alihesabiwa mizigo yake kama jana.

Yamkini nitaambiwa kwamba dawa ni mashine ndogo. Siafiki upesi hivyo. Iko raspador, mashine ndogo ambayo mtu huilisha jani kwa mkono wake mwenyewe. Mashine hiyo huvuta, wala haijui jani limeishia wapi na mkono umeanzia wapi. Udogo si utu. Aliyeichora alifikiri juu ya singa, hakufikiri juu ya vidole.

Wala nisidhaniwe kuwa nachukia ufundi. Nauchukia uvivu wa kufikiri unaojificha nyuma ya ufundi. Taka za korona zilimwagwa miaka mingi, nyingine zikaishia mtoni, na kila aliyeuliza alijibiwa kuwa mkonge ndivyo ulivyo. Kisha mwaka 2008 ulifunguliwa Hale mtambo wa kuvundika taka hizo hizo, zitoe gesi ya kuzalisha umeme. Kumbe haikuwa amri ya maumbile. Lilikuwa chaguo la mchoraji, na lingaliweza kuchaguliwa jingine.

Handeni nayo ina ushahidi wake. Maji yake hupandishwa kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, kwa mabomba yaliyolazwa katika miaka ya 1970. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Lakini aliyeyategemeza maji ya wilaya kwa pampu aliamua papo hapo, ajue asijue, kwamba siku pampu inyamazapo mwanamke ndiye atakayejitwika ndoo kwenda lamboni. Uamuzi huo haukuandikwa katika hesabu zake.

Wahandisi wetu hula kiapo mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Naomba kiapo hicho kiliwe Ngombezi, korona ikinguruma, na kila mwenye kuapa awe amekwisha kukata kwa mkono wake mizigo ya siku moja, na kuhesabiwa.