AFYA YA NYUMBANI: Moto wa Tumbo Urudipo



Hapa Mwanza, toka Kirumba hata Igoma, wako wengi wanaolalamikia “vidonda vya tumbo” pasipo kupimwa. Hununua omeprazoli dukani, wakaimeza mwezi baada ya mwezi. Wakiiacha ghafula, labda Ramadhani inapokaribia, kiungulia huwarudia kwa ukali, nao husema: “Ugonjwa umezidi.” Pengine sivyo.

Mwenyezi Mungu ameliwekea tumbo mizani. Chakula kiingiapo, sehemu ya chini ya tumbo hutoa homoni iitwayo gastrini, aliyoigundua Mwingereza John Edkins mwaka 1905. Homoni hiyo hupita katika damu na kuliamuru tumbo litoe tindikali. Tindikali ikitosha, gastrini hupungua. Omeprazoli huzuia tindikali. Basi tumbo, likiona tindikali ni haba, huzidisha gastrini, nayo hukuza chembe zichocheazo tindikali. Dawa ikikatwa, chembe hizo zingali zipo, na tindikali humiminika kuliko awali.

Mwaka 2009 madaktari wa Denmark walitoa habari za watu 120 wenye afya njema. Miongoni mwa waliopewa dawa ya jamii hii kwa wiki 8 kisha wakaachishwa, 44 katika kila 100 walipata kiungulia na maudhi kama hayo. Kwa wasiopewa, 15 tu. Tazameni: wazima waliugua kwa kuacha dawa!

Hatuitukani dawa, ni neema, na aliyeandikiwa na daktari asiiache kwa shauri lake mwenyewe. Lakini vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ugunduzi wake uliwapa Warren na Marshall wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Huyo hutolewa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya tindikali, si kwa dawa ya tindikali peke yake. Nenda ukapimwe, na umwambie daktari dawa unayomeza, kwani omeprazoli yaweza kumficha bakteria huyo. Kwa kawaida huachwa wiki 2 kabla ya kipimo. Atakaye kuiacha kabisa, amwombe daktari amwongoze kuipunguza kidogo kidogo. Atapikaye damu au kupata choo cheusi kama lami, aende hospitali siku ile ile.

Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza kujitibu, tena akatuonya tusilijaze tumbo. Nanyi vijana, waulizeni wazee wenu leo: dawa hii mmeimeza tangu lini, na ni nani aliyewaandikia?

Wabillahi tawfiq.