Bega Kuacha Kuuma Si Kupona

Wiki hii, inshaallah, tutalizungumzia bega na kano zake: namna linavyoumia, namna linavyopona, na namna mtu anavyoweza kurejea katika kazi na mazoezi yake bila kujiumiza upya.

Kuna watu wawili ambao takriban kila familia inawafahamu. Wa kwanza ni kijana aliyeumia bega akinyanyua vyuma. Alipumzika wiki mbili, maumivu yakatulia, akakirudia chuma kilekile chenye uzito uleule, na kesho yake akashindwa hata kuvaa shati. Wa pili ni mama aliyeumia bega akinyanyua ndoo ya maji. Watoto walimwonea huruma, wakamkataza kugusa kazi yoyote, naye akaufunga mkono kifuani kwa kitambaa mwezi mzima. Alipoufungua alikuta haupandi kupita kifua, na hata kufunga mtandio kunahitaji msaidizi.

Mmoja aliharakisha, mwingine alikawia. Hata hivyo kosa lao ni moja. Wote wawili waliyafanya maumivu kuwa mizani pekee ya kupona: kijana alidhani yakiondoka amepona, na mama alidhani yakiwapo hata kidogo haruhusiwi kujongea. Kano haziponi kwa hesabu hiyo.

Kano ni kitu gani?

Msuli haujishikizi kwenye mfupa wenyewe kwa wenyewe. Mwishoni mwake kuna kamba nyeupe, ngumu, iliyofumwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Kamba hiyo ndiyo kano. Mwenye kuchinja na kuchuna mbuzi ameiona: ni ile sehemu inayong'aa mwishoni mwa mnofu, ambayo kisu huikata kwa taabu. Kazi yake ni kuuvuta mfupa pale msuli unapojikaza. Hupata damu kidogo kuliko msuli, na hiyo ni sababu moja ya kuchelewa kwake kupona.

Bega nalo lina umbile la pekee. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo, na kinakaa katika kitako kifupi mno, mfano wa mpira uliowekwa juu ya kisahani. Umbile hilo ndilo linalotuwezesha kuufikisha mkono juu, nyuma na pembeni kuliko kiungo kingine chochote cha mwili. Lakini mpira juu ya kisahani huteleza. Kinachouzuia usiteleze ni misuli minne inayotoka kwenye kombe la bega, ambayo kano zake hukizunguka kichwa cha mfupa kama kiganja kilichoshika embe. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Kila unapochana nywele au unapoanika nguo kambani, kano hizo nne zinafanya kazi kwa pamoja.

Inayoumia mara nyingi zaidi ni ile ya juu, inayopita chini ya paa la mfupa wa bega. Huweza kuumia kwa ghafla, kama mtu anapoanguka na kujikinga kwa mkono. Mara nyingi zaidi huchoka kidogo kidogo: kwa fundi anayepiga lipu dari, mchukuzi wa mizigo, mama anayefua kwa mkono, au kijana anayeongeza uzito wa vyuma kila siku. Umri nao una sehemu yake, kwani kadiri miaka inavyosonga ndivyo kano zinavyopoteza ubora wake.

Safari ya kupona

Kano iliyoumia hupita hatua tatu. Ya kwanza ni ya siku chache, nayo ni ya uvimbe, joto na maumivu. Ya pili huchukua wiki kadhaa: mwili huweka nyuzi mpya, lakini huziweka bila mpangilio, kama miyaa iliyorundikwa sakafuni kabla ya kusukwa ukili wa mkeka. Ya tatu ni ya miezi, na yaweza kupindukia mwaka. Hapo nyuzi hupangwa upya, hulazwa upande mmoja na kukazwa.

Tazama sasa mtego ulipo. Maumivu mara nyingi hupungua katika hatua ya pili, wakati miyaa ingali rundo na mkeka haujasukwa. Kijana wetu alirudi kwenye chuma wakati huo huo. Na kinachozipanga nyuzi hizo si usingizi wala dawa, ni mvuto. Kano hujengeka kwa kuelekea upande inakovutwa. Ikivutwa kwa kiasi, huimarika. Ikivutwa kupita uwezo wake, huchanika. Isipovutwa kabisa, hubaki dhaifu, na kiungo hukakamaa. Hilo la mwisho ndilo lililompata mama yetu.

Matabibu wenyewe wamelifikia jambo hili kwa kujisahihisha. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliandika katika kitabu chake cha tiba ya wanamichezo kwamba aliyeumia apumzike, aweke barafu, afunge bandeji na ainue kiungo. Ushauri huo ukaenea dunia nzima. Mwaka 2014 daktari huyohuyo aliandika kwamba barafu pamoja na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona badala ya kusaidia.

Nchini Sweden, daktari wa upasuaji Håkan Alfredson na wenzake walichapisha mwaka 1998 taarifa ya wakimbiaji 15 waliokuwa na maumivu sugu ya kano ya kisigino. Badala ya kupumzishwa, walipewa zoezi la kusimama ukingoni mwa ngazi na kukishusha kisigino polepole, mara 15 kwa mikupuo mitatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Kisigino si bega, na tafiti za baadaye zimeonesha kuwa si kila mgonjwa hupona kwa njia hiyo. Lakini msingi wake umebaki: kano iliyoumia hutibiwa kwa mzigo uliopimwa.

Kwa upande wa bega, utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha wagonjwa waliochongwa mfupa ili kuipa kano nafasi na wengine ambao madaktari waliingiza kamera ndani ya bega bila kuchonga chochote. Hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Zipo hali zinazohitaji upasuaji, hususan kano iliyokatika kwa ajali. Kwa maumivu ya kawaida ya kano za bega, mazoezi ndiyo mlango wa kwanza wa tiba.

Ngazi nne za kurejea

Ngazi ya kwanza, siku za mwanzo: Punguza kazi, usiisimamishe. Acha kunyanyua vitu juu ya kichwa, lakini endelea kukunja na kukunjua vidole, kifundo cha mkono na kiwiko. Inama, shika meza kwa mkono mzima, uache ule unaouma uning'inie na kuyumba taratibu kwa dakika moja au mbili. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa yaweza kutuliza maumivu kwa dakika 10 hadi 15. Aliyevunjika mfupa au aliyefanyiwa upasuaji afuate masharti ya daktari wake, kwani hesabu yake ni nyingine.

Ngazi ya pili, kurudisha mwendo: Simama mbele ya ukuta, tambaza vidole kwenda juu hadi pale panapovuta, kisha ushuke. Au lala chali, shika fimbo kwa mikono miwili, na mkono mzima uupandishe mwenzake.

Ngazi ya tatu, kurudisha nguvu: Kunja kiwiko ubavuni, sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja kwa nusu ya nguvu zako bila mkono kujongea, hesabu hadi 10, na rudia mara 5 hadi 10. Ukilizoea hilo, kata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ufunge kwenye komeo la mlango, na uuvute kwenda nje huku kiwiko kikibaki ubavuni. Uurudishe polepole zaidi kuliko ulivyouvuta, mara 10 hadi 15, mikupuo mitatu, siku moja ufanye na siku moja upumzike. Chupa ya maji ya nusu lita ni uzito wa nusu kilo, na ya lita moja ni kilo moja. Hakuna haja ya kununua kifaa.

Ngazi ya nne, kurejea michezoni: Anza na uzito usiozidi nusu ya ule uliouzoea, nao uuongeze kidogo kidogo kwa wiki, si kwa siku. Piga pushapu ukutani kwanza, kisha ukingoni mwa meza, mwisho sakafuni. Kunyanyua juu ya kichwa, kurusha na kupiga mpira kwa mkono viwe vya mwisho kabisa.

Katika ngazi zote, yape maumivu alama kuanzia 0 hadi 10. Yakifika 3 au 4 wakati wa zoezi si neno, almuradi yatulie. Hakimu wako ni asubuhi ya kesho yake. Ukiamka bega likiwa kama lilivyokuwa jana, uliufanya mzigo wa kiasi. Ukiamka linauma zaidi, shuka ngazi moja, usiache. Wala usihukumu kuwa mazoezi yameshindwa kabla ya kuyadumisha kwa wiki 12.

Bega na ibada

Swala ni ibada wala haikuwekwa kuwa mazoezi. Hata hivyo ndani yake mgonjwa hupata habari za bega lake mara tano kwa siku. Aliyekuwa akifikisha mikono kifuani tu wakati wa takbira, akiona wiki hii imefika mabegani, atajua kuwa mwendo unarudi. Sijida ni jambo jingine, kwani humo mikono hubeba sehemu ya uzito wa mwili. Asiyeweza asijilazimishe. Sheria imemfanyia wepesi mgonjwa, asali kwa kadiri ya uwezo wake, hata kwa kukaa na kuashiria. Kwa undani wa hukumu hizo, na za udhu kwa mwenye bandeji, amuulize mwanachuoni aliye karibu naye.

Mambo ya kujihadhari nayo

Usikubali bega lililoumia jana livutwe au lichuliwe kwa nguvu. Likiwa limetoka mahali pake, yeyote asiye tabibu asijaribu kulirudisha.

Usimeze diklofenaki ili uweze kufanya mazoezi. Dawa hiyo hulificha onyo la mwili, na matumizi yake ya muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo.

Sindano ya dawa jamii ya steroidi begani huweza kuleta nafuu ya wiki kadhaa, lakini ikirudiwa mara nyingi huweza kuidhoofisha kano. Mwenye kisukari ajue kuwa sukari yake huweza kupanda kwa siku kadhaa baada ya sindano hiyo.

Vidonge vya sipro, ambavyo wengi wetu hujinunulia dukani bila cheti, ni vya kundi la dawa linaloweza kudhuru kano hadi kukatika. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake kali zaidi juu ya dawa hizo mwaka 2008. Mwambie daktari wako kuwa una kano inayouma kabla hajakuandikia.

Wenye kisukari, na hasa walio kati ya miaka 40 na 60, hupatwa zaidi na ugonjwa wa bega kuganda, ambao huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Bega likianza kukakamaa bila ajali yoyote, pima sukari.

Nenda hospitali bila kuchelewa ukishindwa kuinua mkono baada ya kuanguka, umbo la bega likibadilika, mkono ukifa ganzi, au bega likivimba pamoja na homa. Maumivu ya bega la kushoto yanayoambatana na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo; hayo ni ya dharura. Katika hospitali kubwa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili na KCMC Moshi, wapo wataalamu wa fiziotherapia. Waombe wakupangie ngazi zako, usiridhike na vidonge peke yake.

Neno kwa familia

Bega linalouma ni la mtu mmoja, lakini ndani yake mna riziki ya wengi. Fundi asiyeweza kuinua mkono hana siku ya kazi, na mama asiyeweza kumbeba mwanawe huumia zaidi ya bega. Kwa hiyo msaada wa nyumbani ni sehemu ya tiba, nao uwe na kipimo. Ndoo ibebwe na kijana, gunia lishushwe na baba. Lakini mwacheni mgonjwa ajichanie nywele, apange vyombo kwenye kabati la chini, akunje nguo. Mwondoleeni uzito, msimwondolee mwendo. Na kijana mwenye pupa ya kurudi kwenye vyuma, mzazi asimkaripie tu. Amwulize kila asubuhi bega limeamkaje.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na atujaalie subira. Tukutane wiki ijayo, inshaallah. Wabillahi tawfiiq.